Ukoo Wetu Kwenye Karatasi ya Daktari

Ukiota uvimbe mahali ambapo huwezi kumwonyesha mama yako, mwonyeshe daktari, tena mapema. Mimi sikufanya hivyo. Mimi nilishona suruali.

Nilikuwa fundi cherehani hapa Tabora, kijana wa miaka ishirini na minne, na kibaraza changu hakikuwa mbali na soko. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, vijana wa chama wakipita mitaani kukagua nani kavaa suruali ya kubana na nani kavaa kwa heshima. Korodani yangu ya kulia ilianza kuvimba mwanzoni mwa kiangazi, bila maumivu, taratibu, kama mgeni anayeleta mizigo yake kidogo kidogo. Kila wiki nikawa napanua suruali inchi moja. Ilifika mahali suruali yangu ingeweza kubeba gunia la mpunga na mwenye gunia. Kiongozi wa vijana akanisimamisha mbele ya wateja, akanisifu kuwa ndiye kijana pekee mtaani aliyeelewa siasa. Nikamshukuru. Siku hiyo nilipata oda tatu za suruali kama ile.

Naandika haya sasa, mabaya yakiwa yamepita, kwa ajili ya kijana aliyekaa mahali fulani na sindano mkononi akiongeza upana wa suruali. Weka sindano chini, ndugu yangu. Nenda.

Kilichonizuia ni aibu, na zaidi ya aibu ni Mwamini. Nilikuwa nimemposa. Mwamini alikuwa akifundisha darasa la elimu ya watu wazima jioni, wazee wa miaka sitini wakisoma silabi mbele yake kwa woga. Kwao ni Nzega, wakulima na wafugaji, na ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kupokelewa. Kwao walitaka jambo moja tu kwangu, nalo ni wajukuu.

Hospitali ya Kitete nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nesi aliniuliza mbele ya benchi lililojaa watu, "Kaka, unaumwa nini?" Nikasema kichwa. Nikapewa aspirini. Mara ya pili nikasema mgongo. Nikapewa aspirini. Mara ya tatu nilimkuta dresa mmoja mzee, mfunga vidonda, akanitazama ninavyokaa kwa upande mmoja, akaniambia, "Kijana, ingia huku ushushe." Nikashusha. Hakucheka. Akaenda kumwita daktari, na alipokuwa akienda nilimwona ameharakisha hatua. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Daktari alikuwa kijana wa rika langu, amerudi kutoka masomoni ng'ambo, mwenye haya kunizidi. Alinikagua akiwa anatazama dirishani.

"Hii si busha wala ngiri," alisema. "Inabidi itoke. Wiki hii."

"Zote mbili?"

"Moja."

"Na hiyo nyingine?"

"Itabaki kufanya kazi ya wawili."

Nilikatwa mvua za kwanza zilipoanguka, wakati akina mama wanapoleta uyoga mjini. Mama akaniletea uyoga wa karanga kila siku, asubuhi na jioni, mpaka leo nikisikia harufu yake mkono wangu unashuka wenyewe kwenye kovu. Kitanda cha jirani alilala mrina asali kutoka Usinge, aliyeanguka kutoka mtini, mguu wake umetundikwa kwa kamba. Alikuwa na chupa ya asali chini ya mto na kila nilipougulia alinipa kijiko kimoja. "Usihuzunike, mwenzangu," aliniambia. "Mimi nimeongezewa mzigo wa plasta, wewe umepunguziwa." Sijawahi kumwona tena, lakini nikila asali humwombea.

Kipande kilichokatwa kikapelekwa Dar es Salaam, majibu yakarudi: kansa. Daktari alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, na mama, ambaye hakulielewa, akamjibu, "Ahsante, mwanangu." Kwa Mwamini tukatuma habari kwamba ni ngiri. Watu wote wana ngiri. Ngiri ni ugonjwa wa heshima.

Ikabidi nifuate mionzi Dar es Salaam. Babu yangu aliitembea njia hiyo kwa miguu, mpagazi wa misafara, pembe ya ndovu begani, miezi mitatu kwenda na mitatu kurudi. Mimi nilikaa kwenye behewa la daraja la tatu, na kuku wa mtu miguuni, na bado nililalamika njia nzima. Huko hospitalini walinilaza chini ya mashine kubwa kila siku ya kazi kwa muda wa wiki nne. Kile kilichobaki walikifunika kwa bakuli zito la madini ya risasi ili mionzi isikifikie. Fundi wa mashine alilipanga bakuli lile kwa uangalifu wa mpishi wa harusi, akarudi nyuma kulitazama, akaja tena kulisogeza. "Usitikisike," alisema. "Wajukuu wa mama yako wako humo." Nilitapika kila nilichokula isipokuwa ndizi mbivu. Nilikuwa nikitapika hata kabla ya kufika, basi likikata kona tu ya kuelekea hospitalini.

Nilirudi Tabora mwisho wa masika. Suruali ile iliyosifiwa na vijana wa chama ilinizunguka mara mbili. Mama alinipokea stesheni, akanitazama, akaanza kulia, kisha akaniuliza kama nimeshika mzigo wa nazi alioniagiza Dar. Siku iliyofuata nilikaa kwenye cherehani nikaanza kupunguza kiuno.

Nilipokwenda kuonekana Kitete, daktari wetu akafunga mlango. Wakati ule hapakuwa na chumba cha mazungumzo ya aina hii. Tulikaa kwenye stoo ya pamba na bendeji, mimi juu ya maboksi.

"Nasikia una mchumba," alisema. "Kabla hujaoa kuna mambo mawili. La kwanza, kama utaweza kupata mtoto. La pili, kama ugonjwa huu uko kwenye ukoo wenu, na mtoto anaweza kuurithi."

Hayo ya pili sikuwa nimeyafikiria hata siku moja. Akatoa karatasi, akachora: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke.

"Babu yako mzaa baba alikuwa na wake wangapi?"

"Wa Tabora, au wa njiani?"

Akainua kalamu.

Nikamweleza. Babu alikuwa mtu wa misafara. Alikuwa na mke Ujiji, wawili hapa, mmoja Kilimatinde, mmoja Mpwapwa, na mwingine Bagamoyo ambaye alimwoa akisubiri mzigo. Daktari akachora duara baada ya duara hadi karatasi ikaisha, akaunganisha ya pili kwa plasta ya vidonda. Tulipomaliza, ukoo wetu ulikuwa umenyooka kutoka ziwani mpaka baharini. Alitazama kazi yake, akafuta jasho.

"Sasa hawa wanaume. Walikufa kwa nini?"

Sikujua hata mmoja, isipokuwa baba. Akanituma nikaulize nyumbani.

Mkuu wa ukoo alikuwa Baba Mkubwa Saidi, kaka wa marehemu baba yangu. Aliita kikao: yeye, mama, mimi, na kaka yangu Hamisi.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Mwambie huyo daktari kwamba ukoo wetu hauna ugonjwa."

"Sawa. Lakini waliofariki, walifariki kwa nini?"

"Walifariki wakiwa wazima kabisa."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Nikatafuta kwenye karatasi ya daktari pa kuandika hilo, sikupaona.

"Na yule binti wa Nzega," Baba Mkubwa akaendelea, "asiambiwe kitu. Funga ndoa kwanza. Mtoto asipopatikana, kaka yako si yupo? Mambo ya ndani humalizwa ndani."

Hamisi alikuwa anatafuna muwa. Akaacha kutafuna. Huko jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka, na mke wa Hamisi hakuuokota. Nami niliumia kuliko nilivyoumia siku ya kisu. Nilijiona nimekwisha kufa, watu wameketi wanagawana nguo zangu, na mimi nipo palepale nawapitishia chai.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kuingia. Alikuwa Bi Kidawa, Mzaramo, mjane wa mfanyakazi wa reli, muuza vitumbua, na mtani wetu. Kwa asiyejua: Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wetu Bi Kidawa ndiye huvaa nguo za marehemu, akaiga alivyotembea, alivyokohoa, alivyogombana na mkewe, mpaka wafiwa wakacheka na machozi yakiwa mashavuni. Analotaka kusema husema, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

"Mpagazi wangu," aliniambia, maana ndivyo alivyotuita sote, "unawauliza wenye ukoo? Wenye ukoo kazi yao kulia. Niulize mimi niliyewaigiza. Ukitaka kumwiga mtu sawasawa lazima umtazame anavyoumwa."

"Kidawa, haya si mambo ya kwenda kusema hospitalini," akasema Baba Mkubwa.

"Mficha uchi hazai, na huyu kijana kuzaa ndiko anakouliza. Nipeleke kwa huyo daktari."

Kesho yake tulikwenda, na Baba Mkubwa akatufuata nyuma kuzuia aibu. Bi Kidawa aliingia kwenye stoo, akageuka huku na huku, akasema, "Hapa hapatoshi." Akatoka kwenye korido, mbele ya benchi la wagonjwa, akajifunga khanga kiunoni. Daktari akamfuata na karatasi yake ndefu, asijue ashike wapi.

Akaanza na babu. Alikunja bega moja kana kwamba mzigo bado uko juu yake, akakohoa, akatema kwenye kitambaa, akakitazama kitambaa.

"Kifua," alisema daktari, akaandika.

Akaja baba mdogo Juma, aliyekwenda hatua mbili mbele na tatu nyuma, akausalimu ukuta shikamoo. Benchi zima likacheka. "Ini," akaandika daktari.

Kisha akaweka mkono mmoja nyuma ya kiuno, akainamisha shingo kidogo kushoto, akapita polepole, akasimama mbele yangu na kuniuliza kwa ukali nani amemaliza chumvi. Alikuwa ni baba. Baba yangu alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, akaishi miezi sita na mgongo ule, na mimi nilikuwa sijamwona akitembea kwa miaka minane. Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nesi akanipa kipande cha pamba cha kufutia macho.

Wa mwisho, Bi Kidawa alitanua miguu. Alishika upande wa mbele wa kanzu isiyokuwepo kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na mwili, akawa anatembea hivyo, akitabasamu kwa kila mtu. Kikongwe mmoja kwenye benchi akapiga kofi. "Huyo Mrisho! Wallahi ni Mrisho!"

Mrisho alikuwa mdogo wake baba, aliyefariki kijana, mimi nikiwa mtoto.

"Aliumwa nini?" aliuliza daktari.

"Alisema ana jipu," Bi Kidawa alijibu, akiwa ameiachia kanzu yake ya hewani. "Mwaka mzima jipu. Halafu tumbo likajaa, akaisha."

Baba Mkubwa alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi.

"Alinionyesha," alisema. "Mimi peke yangu. Nikamwambia anyamaze, watu watamcheka."

Bi Kidawa, ambaye angeweza kumsema mbele ya mji mzima na asikemewe, alimsogelea akamvisha kofia yake. Nampenda mpaka leo kwa kitendo kile.

Daktari aliutia wino mraba wa Mrisho. Akatuita wote watatu ndani ya stoo, akatuambia taratibu kwamba katika miraba yote hiyo ameona mmoja, na hata huyo hana hakika naye kwa kuwa hakuna aliyempima. Hakuona laana. Mtoto wangu akija, si lazima aje na ugonjwa. Akiwa wa kiume, akikua nimfundishe kujikagua anapooga. Na ndugu zangu wa kiume wajikague kuanzia sasa. Baba Mkubwa hakungoja. Ijumaa ile baada ya sala aliwapanga wapwa na watoto wa kiume wa ukoo nyuma ya nyumba, Hamisi wa kwanza, akawapeleka mmoja mmoja kwa yule dresa mzee aliyekuja na baiskeli. Hamisi alitoka amenuna, na ile habari ya yeye kunizalia haikutajwa tena. Mkewe akanipikia wali siku hiyo, bila kusema ni wa nini.

Lilibaki lile jambo la kwanza. Nilipewa kichupa na maelezo mafupi, na sitayarudia maelezo. Nilikipeleka maabara nimekifunika kwa leso, nikamkuta mpimaji ni mteja wangu, Bwana Shabani, ambaye suruali yake ilikuwa kwangu tangu sikukuu ya Idi.

"Fundi," alisema, akakishika kichupa kwenye mwanga. "Njoo kesho."

Nikaenda kesho. "Kesho kutwa." Nikaenda kesho kutwa. "Uzi umeniishia," akasema, maneno yaleyale niliyokuwa nikimjibu yeye, akinitazama usoni. Nilirudi kibarazani, nikashona suruali ile mchana mmoja, nikapiga pasi, nikampelekea. Majibu yalikuwa tayari mezani tangu siku ya kwanza. Wapo, daktari alinisomea, ila wachache, na wanaotembea ni wachache zaidi. Nisijaribu kupata mtoto kabla ya miaka miwili. Baada ya hapo inawezekana, na inawezekana isiwe. Zaidi ya hayo hakutaka kunidanganya.

Najua wasomaji wengi wa habari za namna hii huruka mpaka mwisho kutafuta kama mtoto alizaliwa. Nitawaondolea tabu. Tulipata binti mmoja, mwaka wa tano wa ndoa, na baada yake hakuja mwingine. Jina lake ni Kidawa. Ana kelele kama wajina wake. Lakini nawaomba msiondoke bado, kwa sababu si yeye aliyeniponya hofu.

Nilikwenda kumwambia Mwamini jioni moja kabla ya darasa lake. Alikuwa anafuta ubao. Nilimwambia yote kwa mkupuo: haikuwa ngiri, wamekata moja, nimechomwa mionzi, baba mdogo alikufa hivyo, wapo wachache, wanaotembea wachache zaidi. Nikamwambia yuko huru, na kwamba ng'ombe sitawadai. Alinisikiliza chaki ikiwa mkononi. Wanafunzi wake, wazee wanne, walikuwa wamekwisha kuketi nyuma yetu, nami sikuwaona.

"Mmenidanganya," alisema. "Wewe na mama yako."

"Ndiyo."

"Nipeleke kwa huyo daktari. Nitauliza mwenyewe."

Siku tuliyokwenda, mama alisikia, akaja. Baba Mkubwa akaja. Bi Kidawa akaja na sinia la vitumbua. Wakakaa kwenye benchi la korido wakitazama mlango wa stoo. Ndani, Mwamini alikaa kwenye kiti, mimi kwenye maboksi yangu. Daktari akakunjua karatasi yetu mpaka ikagusa sakafu. Akamwonyesha miraba, akamwonyesha Mrisho, akamweleza majibu ya maabara na ile miaka miwili. Mwamini alimsikiliza anavyowasikiliza wazee wake wakisoma, bila kuwakatiza.

"Una swali?" daktari alimaliza.

"Nina moja. Ataishi?"

Daktari akaweka kalamu chini. Mimi nilishika boksi kwa mikono yote miwili. Tangu uyoga wa kwanza hadi siku ile, hakuna mtu aliyekuwa ameuliza hivyo mbele yangu. Mama aliuliza habari za wajukuu, Baba Mkubwa habari za ukoo, na mimi niliuliza kama nitaoa. Nilikuwa naliogopa swali hilo kiasi kwamba nililiacha Dar es Salaam chini ya mashine, nikarudi bila jibu lake.

"Kwa ninavyomwona leo," alisema daktari, "na kama atakuja kuonekana kila miezi mitatu bila kukosa, naamini ataishi."

"Basi." Mwamini akachukua mkoba wake. "Nimemaliza."

"Kuhusu watoto huna swali?"

"Hayo watauliza wale walioko kwenye benchi. Wamekuja watatu."

Akatoka. Nilibaki pale juu ya pamba nikalia kwa sauti, mbele ya daktari, wala sikuona haya, na yule bwana mwenye aibu akawa anatafuta dirisha kwenye chumba kisicho na dirisha. Mlango ukafunguliwa kidogo. Mwamini alikuwa anatafuna kitumbua.

"Futa uso twende," alisema. "Nina darasa saa kumi."